Vipimo vya Mama Mkwe

Sokoni Kebirigo waliniita Fundi Kesho, na sikuwahi kukasirika, kwa sababu jina lilinifaa. Nilikuwa na cherehani ya kukanyaga kwenye baraza ya duka la sukari na chumvi. Mteja akija kuulizia nguo yake, nilimwambia kesho. Akirudi kesho yake, nilimwambia kesho. Sikuwa nikimdanganya. Kila mara nilipolitamka neno hilo nililiamini.

Nilisoma hadi darasa la nne, kisha nikapelekwa Mosocho kujifunza ushonaji kwa mzee mmoja aliyenipiga vidole kwa rula kila nilipokata kabla ya kupima mara mbili. Alikuwa akisema kitambaa kikishakatwa hakirudi. Nadhani maneno hayo yaliniingia kupita alivyokusudia, maana nilipoanza kazi yangu mwenyewe, miaka ya sitini ikiwa katikati, nilikuwa fundi anayeogopa mkasi. Kushona sikuogopa. Nilichoogopa ni ule mkato wa kwanza tu. Kabla ya kuufanya nilitia cherehani mafuta, nikachonga chaki, nikafagia baraza, nikamsalimu kila aliyepita na kumuuliza habari za ng'ombe wake.

Mke wangu hakuwa hivyo hata kidogo. Yeye akiona kazi, mikono ilitangulia. Tulimzika mwaka juzi, nyuma ya nyumba, karibu na migomba aliyoipanda. Tangu hapo asubuhi zangu ni ndefu, na mambo mengi ya zamani hunirudia nikingoja maji yachemke. Zaidi ya nusu ya mambo hayo hunichekesha. Hili naliandika kwa sababu watoto wetu hulisimulia vibaya. Wao husema baba yao alichelewesha magauni ya kwaya kwa kuwa alikuwa akifikiri. Ukweli si huo wote.

Kwaya ya akina mama wa kanisa letu ilikuwa na waimbaji kumi na sita, na mbele yao alisimama mama mkwe wangu, mwenye sauti nzito kama ya mwanamume. Sisi ni washika Sabato, na kila mwaka mwezi wa nane tulikuwa na makambi, ambapo makanisa mengi hukusanyika kwa siku kadhaa uwanjani. Mwaka huo makambi yangekuwa Sironga, na kwaya iliamua kuvaa sare kwa mara ya kwanza. Mwalimu wa kwaya alikwenda Kisii mjini akanunua jora la kitambaa cha samawati. Likabaki swali la fundi.

Katika mkutano wengi walitaka fundi wa mjini. Mama mkwe akasimama. Maneno yake nililetewa na mke wangu, ambaye naye aliimba katika kwaya hiyo: "Mume wa binti yangu atashona. Asiposhona, mimi sitasimama mbele tena. Nitaketi nyuma na watoto." Kwa mama yule, kuketi nyuma lilikuwa jambo kubwa. Alikuwa amesimama mbele tangu kanisa likiwa la nyasi.

Basi jora likaletwa kwangu, wiki nane kabla ya makambi.

Sasa nieleze jambo ambalo mtu wa kabila lingine huenda asilielewe. Kwetu Wagusii mwanamume na mama mkwe wake wana aibu kati yao, ile tunayoiita chinsoni. Hamkai benchi moja. Hamli pamoja. Ukimwona anakuja njiani unampisha mbali, na yeye anaangalia upande. Kumzungushia futi kiunoni na kifuani ni jambo ambalo hata kulifikiria linatia joto usoni. Na si yeye peke yake. Dada zake na wake wenza wake nao ni mama wakwe zangu vilevile, na katika waimbaji kumi na sita hao walikuwa watano.

Mwalimu wa kwaya alipokuja wiki ya kwanza kuuliza, nilimwambia kwa sauti ya chini, "Mwalimu, kuna akina mama ambao siwezi kuwapima. Unajua mwenyewe."

Mwalimu akainamisha kichwa. "Ni kweli. Ni jambo la heshima. Tusikuharakishe."

Nilistarehe kama mtu aliyepewa likizo. Watu wa kwaya walipita mbele ya baraza yangu wakaliona jora juu ya rafu, halijaguswa, na hawakusema neno. Wengine walinisifu. Walisema vijana wa siku hizi hawana chinsoni, lakini huyu anayo. Wiki mbili zikapita, kisha tatu. Nilishona kaptura za shule, nikatia viraka, nikabadilisha kola za mashati. Jora nililipangusa vumbi kila asubuhi.

Mke wangu ndiye aliyenivua nguo hiyo ya heshima. Ilikuwa jioni, anamenya ndizi, na alisema bila kuinua macho.

"Baba, eti huwezi kumpima mama yangu."

"Siwezi. Wewe unajua mila."

"Mila naijua. Na mimi je, sina mikono? Si ungenipa uzi nikampima mama kwa uzi, nikafunga fundo kiunoni na fundo kifuani, nikakuletea?"

Niliinama nikaokota maganda ya ndizi.

"Au uzi nao una chinsoni?"

Alicheka mpaka ndizi ikamtoka mkononi. Mimi nilicheka kidogo, kwa aibu. Kazi yote hiyo ingechukua muda wa kuchemsha viazi, na nilikuwa nimelijua hilo tangu siku ya kwanza. Sikuwa nikimheshimu mama mkwe. Nilikuwa nimejificha nyuma yake.

Mngedhani kesho yake nilianza. Sikuanza. Nilichofanya ni kwenda kusikiliza mazoezi ya kwaya, Jumatano alasiri, nikijiambia kwamba fundi mzuri huwatazama wateja wake. Nilikaa benchi la nyuma kabisa, karibu na mlango, mbali na mama wakwe zangu. Kwa kweli nilikwenda huko kwa sababu huko hakukuwa na mkasi.

Lakini macho hayakai bure. Mwalimu wa kwaya alikuwa ameniletea picha ya gauni aliyoikata kwenye kalenda: kola, mkanda kiunoni, mikono mirefu, na mwili wa gauni umembana mwanamke kama ganda la hindi. Nikiwa pale nyuma niliwaona akina mama wakivuta pumzi kabla ya ubeti. Mtu anayeimba hana umbo lile la mtu anayesimama. Mama mkwe alipojaza kifua ili aanze, mabega yalipanda, mbavu zikafunguka, na gauni lake la zamani likalia kwapani. Nililisikia kutoka mlangoni. Nikakumbuka kwamba mwanamke yeyote ukimpima hukaza tumbo na kushikilia pumzi mpaka umalize, ili kipimo kiwe kizuri. Kama ningewapima wote kumi na sita siku ya kwanza, na kukata kama picha ya kalenda, wangefika Sironga wakiwa wazuri na kimya.

Nilirudi nyumbani nikiwa nimejua gauni lisilofaa. La kufaa sikulijua. Nikaendelea kulipangusa jora vumbi, na Jumatano zilizofuata nikarudi kwenye benchi lile.

Zilipobaki wiki tatu, mama mkwe alikuja sokoni mwenyewe. Pembeni yangu barazani aliketi jirani yangu, mshona viatu, ambaye pia alitengeneza miavuli, na kwetu kwa mvua ile ya kila alasiri miavuli ilimlisha kuliko viatu. Mama akasimama mbele yake, mgongo akanipa mimi, kama mila inavyotaka. Nami nikageukia ukuta.

"Mshona viatu, habari za hapa?"

"Njema, mama. Karibu."

"Sijaleta kiatu. Nimekuja kukuuliza. Wewe ukipewa ngozi, hushona?"

"Hushona, mama."

"Huipangusi vumbi kila siku kama mtoto mchanga?"

"Hapana, mama." Mshenzi yule alikuwa anacheka kwa mabega.

"Basi ukiwaona watu wa cherehani, uwaambie kuna mwanamke mmoja alisema neno mbele ya kanisa. Neno halina mguu wa kurudi nyumbani. Mwanamke huyo akiketi nyuma na watoto Sironga, hatamlaumu mtu. Ataketi tu. Umesikia, mshona viatu?"

"Nimesikia vizuri, mama. Hata ukuta umesikia."

Akaenda zake. Nilibaki nikitazama ukuta muda mrefu. Nilikuwa nimewahi kuwachelewesha watu na kuchekwa tu. Kuna mtoto mmoja nilimshonea kaptura ya shule kwa muda mrefu hivi kwamba ilipokuwa tayari ilimfaa mdogo wake. Tulicheka, na mama yake naye akacheka. Hili halikuwa la kucheka. Mwanamke alikuwa ameweka nafasi yake rehani kwa ajili ya mkwe ambaye hata jina lake haliiti.

Siku mbili baadaye mvua ilinyesha mapema. Nilikuwa nimekaa, mikono juu ya magoti, jora mapajani, sifanyi kitu. Jirani yangu alikuwa amefunga ubavu mpya kwenye mwavuli mweusi, na alikuwa akiujaribu: anaufungua, anaufunga, anaufungua tena.

"Acha hiyo kelele," nikamwambia.

"Wewe ndiye huna kelele. Cherehani yako imekuwa bubu."

Akaufungua tena, na safari hii niliutazama. Mwavuli umeshikwa juu tu, mahali padogo. Kuanzia hapo kitambaa kinajikunja na kujikunjua chenyewe. Hauulizi upana wa mtu anayesimama chini yake.

Nikamwambia, "Ufunge. Fungua. Pole pole."

"Umerukwa na akili?"

"Fungua, nakuomba."

Gauni lote lilikuwa pale. Kipande kidogo kinachokaa mabegani, na kuanzia hapo marinda yanayoshuka hadi chini, bila kiuno, bila kubana. Mwimbaji akivuta pumzi marinda yanafunguka, akiitoa yanajifunga. Vipimo vilivyohitajika ni viwili tu, upana wa mabega na urefu, na mabega ya akina mama wale nilikuwa nimeyatazama kutoka benchi la nyuma kwa Jumatano tatu. Hata futi haikuhitaji kumgusa mtu kifuani. Mke wangu alikwenda kwao jioni ile na uzi, akarudi na mafundo mawili kwa kila mama, akayatundika ukutani kwa mstari.

Watoto wetu huishia hapa wanaposimulia. Husema, mnaona, baba alikuwa anangoja wazo. Mimi nasema wazo lingeweza lisije. Nimengoja mara nyingi maishani na hakuna kilichokuja. Paa la jiko letu lilivuja misimu minne nikilifikiria, na sikupata wazo lolote ila maji. Kungoja kwa kufikiri na kungoja kwa uvivu hufanana kwa nje, na mara nyingi hata mimi niliyekuwa ndani sikujua nilikuwa katika kupi. Ninachoweza kusema kwa uhakika ni kwamba kama ningeharakisha, ningeshona gauni la kalenda. Na kwamba nilichelewa kwa sababu niliogopa. Yote mawili ni kweli, na sijaweza kuliondoa moja.

Nilipotandaza jora mezani kwa hesabu, nikagundua kwamba marinda hula kitambaa. Jora lilinunuliwa kwa gauni la kubana. Niliondoa kola, nikaondoa mkanda, mikono nikaifanya mifupi, na bado magauni matatu hayakuwa na kitambaa. Nilikwenda nyumbani nimenywea. Mke wangu alinisikiliza, akaingia ndani, akatoka na shuka mbili nyeupe. Tulipewa siku ya arusi na tulikuwa tumeziweka sandukuni kwa ajili ya wageni.

"Mabega yawe meupe," akasema. "Chini samawati."

"Hizi ni za wageni."

"Wageni gani? Tangu tuoane amekuja mmoja, akalala kwenye kiti. Kata."

Nilizikata. Mbele yake sikuwa na nafasi ya kuchonga chaki. Niliahidi kumnunulia nyingine, na sikununua. Hapo sikuwa nikifikiri kitu chochote; ni shuka ambazo hazikununuliwa, mwaka baada ya mwaka. Yeye hakunikumbusha hata mara moja, na hilo ndilo linaloniuma.

Kazi ilianza kweli. Nilikanyaga cherehani toka kupambazuka hadi mvua ilipotia giza barazani. Mke wangu alipiga bandi, ile mishono mikubwa ya kushikiza kwa muda, nikapitisha mashine, yeye akapiga pindo kwa mkono. Mshona viatu alitupasia marinda kwa pasi ya makaa, akijisifu kwamba miavuli imemfundisha mikunjo. Magauni yakaanza kutundikwa juu ya mlango wa duka, matatu, saba, kumi na moja. Watu walisimama kutazama. Mama mmoja wa kwaya alipojaribu lake alivuta pumzi mpaka mwisho, akaishikilia, akaangalia kifua chake, akasema, "Limenifuata!"

Nililiacha gauni la mama mkwe mwisho. Nilijiambia ni kwa sababu mkono wangu utakuwa umezoea, hivyo la kwake litakuwa bora. Ukweli ni kwamba nililiogopa kuliko yote.

Ijumaa ilifika, siku ya mwisho, maana kwaya ingeimba Sabato asubuhi. Kwetu Sabato huingia jua likizama Ijumaa, na likishazama hushiki kazi, hata sindano. Alasiri hiyo niliunganisha mabega ya gauni la kumi na sita. Nikatia marinda. Nikatia mikono. Mvua ilikuwa imeacha mapema na upande wa magharibi ulikuwa mwekundu. Nilipofika kwenye pindo la chini nilipiga bandi upande wa mbele kwa uzi mweupe mkubwa, nikajiandaa kufuata kwa mashine. Mke wangu akaweka kiganja juu ya gurudumu la cherehani.

"Limezama."

"Bado kidogo. Angalia, kuna mwanga."

"Mwanga upo. Jua halipo."

"Ni pindo tu. Ni la mama yako!"

"Ndiyo maana," akasema. Akachukua kifuniko akaifunika cherehani, akalikunja gauni jinsi lilivyokuwa, nusu ya pindo ina bandi na nusu haina kitu, akalitia kikapuni. Akaondoka nalo kuelekea kwao, nami sikumfuata.

Asubuhi tulitembea hadi Sironga kwa makundi, wanaume mbele, akina mama nyuma, hivyo sikumwona mama mkwe hadi kwaya yetu ilipoitwa. Nilikuwa nimekaa kwenye nyasi na wanaume. Niliwatafuta kwanza watoto waliokuwa nyuma, nione kama ameketi nao. Hakuwepo. Akina mama waliingia kwa mistari miwili, mabega meupe, chini samawati, naye alitangulia kama kawaida yake. Nyuzi zilining'inia kwenye miguu yake kama mizizi ya kitunguu. Akasimama katikati, mbele ya wote.

Mwalimu akainua mkono. Wakavuta pumzi.

Sijui nisemeje bila kujisifu. Magauni yote kumi na sita yalifunguka kwa pamoja. Uwanja mzima ukaona kwaya inavuta pumzi, na watu wakavuta nayo. Kisha sauti ikatoka, na ya mama mkwe ikiwa chini ya zote imezibeba. Niliacha kutazama nyuzi. Nyuma yangu wanawake wawili wa kanisa lingine hawakuacha.

"Yule wa mbele, gauni lake halijaisha."

"Nyamaza. Sikiliza anavyoimba."

"Nasikiliza. Lakini halijaisha."

Baada ya ibada nilimwona mama mkwe kwa mbali amezungukwa. Akina mama wa makanisa mengine walikuwa wakishika marinda, wakiyavuta na kuyaachia. Nilijificha kwenye foleni ya maji. Habari nilizipata njiani tukirudi, kutoka kwa mke wangu, ambaye alilazimika kukaa kwenye ukingo wa barabara ili amalize kunisimulia, akifuta machozi ya kicheko kwa pembe ya kitambaa cha kichwa.

"Walimuuliza ni fundi gani. Na wewe unajua mama hawezi kulitaja jina lako."

"Akasemaje?"

"Akasema, 'Ni mtu wa kwetu.' Wakamuuliza, 'Ni fundi mzuri?' Mama akainua pindo lake akawaonyesha, bandi na yote. Akasema, 'Hakuna mzuri kama huyo. Mkitaka awashonee ya mwaka kesho, mpeni kitambaa leo.'"

Walinipa. Jumapili asubuhi majora mawili kutoka makanisa mawili yalikuwa yamefika barazani kabla sijafika mwenyewe, na mshona viatu alikuwa ameyakalia kama kuku. Magotini mwake palikuwa na gauni la samawati limekunjwa vizuri. Alisema mama mkwe alilipitisha alfajiri, akamwambia yeye, mshona viatu, kwamba Sabato imetoka na watu wa cherehani sasa wanaruhusiwa kumalizia.

Nililichukua saa ileile. Nilitia cherehani mafuta, nikachonga chaki, nikafagia baraza. Pindo lilikuwa tayari Alhamisi.